YAI LA KICHWANI NA YAI LA TUMBONI



Kila mwaka baada ya mavuno swali huwa lile lile. Pamba imeuzwa, mpunga umeingia ghalani, harusi zimekaribia. Akina mama na wasichana huja zahanati kwa jambo jingine. Wakishapata dawa, husimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ndogo: "Daktari, nywele zangu zimefifia. Nipake nini zing'ae?"

Mimi si daktari. Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji, nina cheti, na wengi wanaoniuliza ni sawa na mama zangu. Najua pia wako wanaume watakaosema kijana huyu ameacha malaria na kuhara, anaandika habari za nywele. Naomba mnivumilie. Nywele ni mahali ambapo afya ya mtu huonekana bila mashine na bila kupima damu. Hata mtu aliyejifunza kusoma mwezi uliopita anaweza kusoma nywele, akifundishwa.

Maoni yangu ni haya. Mtu anayetaka nywele zake zing'ae hana kosa. Kutaka kupendeza si upuuzi. Lakini fedha nyingi na mayai mengi yanapotea juu ya vichwa vya watu wazima. Wakati huo huo tunapita karibu na mtoto ambaye nywele zake zimekuwa laini na nyekundu, na badala ya kushtuka, tunamsifu.

NYWELE NI KITU GANI?

Ukikata unywele kwa mkasi, husikii maumivu. Ukiung'oa, unasikia. Sababu yake ni kwamba unywele tunaouona nje hauna uhai. Kilicho hai ni mzizi wake, ambao umo ndani ya ngozi. Mzizi hupata chakula kutoka katika damu, kama mgomba unavyopata chakula kutoka katika udongo. Unywele hutengenezwa huko ndani, kisha husukumwa nje kidogo kidogo. Kwa mwezi mmoja unywele hurefuka kama sentimeta 1. Nywele zetu za kipilipili huwa pungufu kidogo ya hapo.

Unywele umetengenezwa kwa protini, ambayo wengine huiita utomwili. Protini ndiyo inayojenga pia nyama ya mwili, ngozi na kucha. Kwa nje, unywele umefunikwa na magamba madogo sana ambayo macho hayawezi kuyaona. Magamba hayo yamelaliana kama magamba ya samaki. Yakilala vizuri, mwanga hupiga na kurudi, nasi tunasema nywele zinang'aa. Yakisimama au yakivunjika, mwanga hutawanyika, nasi tunasema nywele zimefifia.

Fikirini bati. Bati jipya lililonyooka humetameta juani hata mtu wa kilima cha pili aone. Likikunjwakunjwa, halimetameti vile, ingawa ni bati lile lile. Ndivyo ilivyo kwa nywele za kipilipili. Zimejikunja, kwa hiyo haziwezi kurudisha mwanga kama nywele za singa. Tena mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe hayateremki vizuri kwenye unywele uliojikunja. Hubaki chini, ncha zikakauka. Basi, dada yangu, ukijilinganisha na picha iliyo juu ya kopo la mafuta, unajilinganisha na bati la namna nyingine. Nywele zako zinaweza kuwa na afya kamili na zisimetemete kama za picha ile. Muuza duka hatakwambia hivyo, kwa sababu ukiridhika hatauza.

KUZITUNZA KWA NJE

Hata hivyo yapo mambo ya kufanya, tena ya bei ndogo.

La kwanza ni sabuni. Wengi wetu huosha kichwa kwa sabuni ile ile ya mche tunayofulia nguo. Sabuni hiyo ni kali. Husimamisha yale magamba niliyoyataja, na kama maji ni ya kisima chenye chumvi, huacha utando mweupe kwenye nywele. Mtu huosha sana ili zing'ae, kumbe anazidi kuzififisha. Kama huna sabuni nyingine, tumia kidogo. Itoe povu mikononi kwanza, kisha sugua ngozi ya kichwa, si ncha za nywele. Suuza kwa maji mengi hadi utelezi uishe. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote, kwa kuwa hayana chumvi.

Bibi zetu walisuuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokamuliwa limao. Hawakukosea. Ukali wa limao hulaza magamba yaliyosimamishwa na sabuni. Limao moja dogo katika lita moja ya maji latosha, kisha umwagie maji safi. Usiache maji ya limao kichwani ukaenda shambani. Limao likipigwa na jua kali juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi.

La pili ni mafuta. Huku kwetu bara watu hutumia samli, alizeti, karanga au ufuta. Ndugu zetu wa pwani hutumia mafuta ya nazi, na hayo yana sifa ya pekee: huingia ndani ya unywele na kuusaidia usipoteze protini wakati wa kuoshwa. Hilo wataalamu wamelipima. Mafuta mengine mengi hukaa juu na kulaza magamba tu, na hiyo nayo ni faida. Matone machache yasuguliwe katika viganja, yapakwe nywele zikiwa na unyevu bado. Ukimimina kama unakaanga maandazi, utakusanya vumbi lote la njia ya kwenda kisimani, na kesho kutwa nywele zitafifia kuliko mwanzo. Mafuta ya mgando ndiyo hasa yanayoshika vumbi.

Kuhusu moshi sina haja ya kusema mengi. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha anavuta moshi mapafuni na kuupaka nywele siku zote. Ajifunge kitambaa. Na mume wake atoboe dirisha jikoni, kazi ya asubuhi moja.

YAI

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku hizi imeenea habari kwamba yai bichi likipakwa kichwani huzipa nywele nguvu na kuzing'arisha. Wasemaji wana hoja inayofanana na kweli. Wanasema unywele ni protini, yai ni protini, kwa hiyo yai litajenga nywele.

Hoja hiyo ina kasoro moja. Protini ya yai bichi ni kubwa mno. Haiwezi kupenya na kuingia ndani ya unywele, kama gunia la mpunga lisivyoweza kupita katika tundu la ufunguo. Na hata kama ingeingia, unywele wa nje hauna uhai, hauwezi kula. Kinachong'aa baada ya kupaka yai ni mafuta kidogo ya kiini chake, na mafuta hayo hayazidi ya alizeti. Ukisuuza, yai lote huenda na maji machafu, kuku wakadonoa.

Yai likiliwa ni habari nyingine. Tumbo hulivunja protini ya yai vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo huingia katika damu, na damu huvipeleka kwenye mzizi wa unywele. Hiyo ndiyo njia peke yake ambayo yai hufika kwenye nywele. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Mtoto mwenye umri wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji karibu gramu 13 kwa siku. Kwa hiyo yai moja linampa karibu nusu ya mahitaji yake ya siku nzima. Nami nimeona nyumba ambapo mayai mawili yalipakwa kichwani kwa ajili ya harusi, na mtoto wa nyumba hiyo akala ugali kwa mlenda asubuhi na jioni.

Nisiwalaumu akina mama peke yao. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama mpaka siku ya kuuzwa, ndipo huwa wa baba. Mayai hupelekwa gulioni kwa trei, na fedha hurudi ikiwa imepungua kwa njia ambazo baba anazijua. Katika duka la kijijini petu kopo dogo la mafuta ya nywele lina bei ya mayai saba au manane. Chupa moja ya bia nayo haipungui sana hapo. Mimi ningependa kamati ya afya ya kijiji izungumze na akina baba juu ya mayai kabla ya kuzungumza na akina mama juu ya mafuta.

Asiye na kuku naye asikate tamaa. Dagaa, maharage, kunde, choroko, karanga na maziwa vyote hujenga mwili. Dagaa wakavu waliotwangwa, kijiko kimoja au viwili katika chakula cha mtoto, ni kitu cha thamani. Uji wa mtoto ukitiwa unga wa karanga si sawa na uji mtupu, hata kama rangi inafanana.

MTOTO MWENYE NYWELE ZA SINGA

Mwaka jana bibi mmoja alimleta mjukuu wake kupata chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Mama wa mtoto alikuwa amejifungua mwingine, hakuweza kuja. Mtoto alikuwa ametulia mgongoni, mnene wa uso, na nywele zake zilikuwa laini, zimelala, na rangi yake ilielekea wekundu. Wanawake waliokuwa katika foleni walimzunguka. Mmoja alisema, "Jamani, huyu ana nywele za singa kama Mwarabu!" Mwingine akamuuliza bibi anampaka mafuta gani.

Bibi akajibu kwa furaha, "Samli tu, mwanangu. Samli ya ng'ombe wetu."

Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu." Nikamwomba nimshike mtoto miguu. Nilibonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, nikahesabu polepole hadi tatu, nikaachia. Mashimo yalibaki pale pale, kama mtu aliyebonyeza udongo wa mfinyanzi. Unene wa uso ule ulikuwa maji. Mtoto hakuwa ametulia. Alikuwa hana nguvu ya kulia.

Ugonjwa huo ni unyafuzi, ambao wengi wanaujua kwa jina la kwashakoo. Nywele za mtoto mwenye unyafuzi hubadilika. Zilizokuwa nyeusi huwa kahawia, nyekundu, au rangi ya majani makavu. Zilizokuwa za kipilipili hunyooka na kulainika. Huwa nyembamba, na ukizivuta kidogo hutoka bila mtoto kulia. Mwili umekosa vitu vya kutengenezea unywele imara na rangi yake, kwa sababu kidogo kilichopo unakitumia kuokoa moyo na ubongo. Nywele ndizo huachwa kwanza. Ndiyo maana nasema tusisifu ulaini wa nywele za mtoto kabla ya kumtazama miguu.

Bibi alinisogelea akasema kwa siri kwamba nyumbani walikwisha kujua shida. "Mtoto amebemendwa," alisema. "Tunamfanyia dawa." Mama wa mtoto alikuwa akisemwa vibaya na mawifi, naye kwa aibu alikuwa akimficha mtoto ndani.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa kuwa sitaki kuwadharau wazee. Wazee wetu waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mtoto huanza kudhoofika mama yake apatapo mimba nyingine au ajifunguapo mwingine. Si wazee wetu peke yao walioona hivyo. Jina la kwashiorkor lilitoka nchi ya Ghana, katika lugha ya Waga. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa huko na kuuandika ugonjwa huo katika majarida ya kitabibu mwaka 1933 na mwaka 1935. Maana yake, akina mama walimwambia, ni ugonjwa ampatao mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Watu wa Ghana na watu wa kwetu hawakukutana kupatana, lakini wote waliona kitu kimoja.

Walichokosa ni sababu. Mtoto haharibiwi na joto la mama wala na mwendo mbaya wa baba. Mtoto ameachishwa ziwa ghafla, akapewa ugali au uji mtupu, na kisha akapata kuhara, malaria au surua juu yake. Njaa ya mwili na maradhi vimemshika pamoja. Mama aliyesingiziwa anamficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hafiki zahanati. Kwa maoni yangu neno hilo la kubemenda limezuia watoto wengi kupata tiba, na kila wifi anayelitamka kisimani ajue hivyo.

Mtoto yule hakuwa na hamu ya kula. Tulimjaribu kwa chakula maalumu cha karanga kilichomo katika pakiti, akakataa. Mtoto wa namna hiyo hatibiwi nyumbani. Tulimpeleka hospitali, akapewa maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku, pamoja na dawa za kuua vijidudu.

Jambo hili ni la hatari, nalieleza wazi. Mtu akishasoma habari ya yai hapo juu, anaweza kumshika mtoto aliyevimba miguu na kumshindilia mayai na nyama. Asifanye hivyo. Mwili wa mtoto huyo ni dhaifu, na chakula kizito kwa ghafla kinaweza kumwua. Yai ni la kuzuia ugonjwa. Aliyekwisha kuvimba aletwe zahanati siku hiyo hiyo, asingoje siku ya kliniki.

Baada ya miezi minne mtoto yule alirudi kwetu kupimwa. Nywele zake zilikuwa na rangi mbili. Chini, karibu na ngozi, zilikuwa nyeusi na zimejikunja, urefu wa kama sentimeta 3. Juu zilikuwa bado nyekundu. Yaani nywele zilikuwa zimeandika habari yote: hapa aliugua, hapa alianza kula. Kwa watoto wengine waliokula vizuri wakati wa mavuno na vibaya wakati wa masika, utaona mistari myeusi na myekundu ikipishana kama bendera. Mama anaweza kuona mwenyewe katika mistari hiyo kwamba mtoto alipitia wakati wa njaa.

Bibi alicheka akasema singa imekwenda zake, kipilipili chetu kimerudi.

WATU WAZIMA

Nywele za mtu mzima nazo husema. Mama ambaye nywele zimefifia na kukatika, anachoka akipanda kilima kidogo, na kope zake kwa ndani ni nyeupe, huenda amepungukiwa damu. Mimba za karibu karibu, minyoo ya safura na malaria huleta hali hiyo. Hakuna mafuta ya kopo yanayoongeza damu. Aje apimwe, na kama ni mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku bila kuviacha kabatini. Ale dagaa, nyama ikipatikana, maharage, na mboga za majani kama mchicha na matembele. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, kwa maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Anywe saa moja au zaidi baadaye.

Mwenye shingo iliyovimba kwa rovu, nywele zake zikawa kavu na ngumu, naye aje. Na apikie chumvi yenye madini joto.

Lakini mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita na sasa anaona nywele zinatoka kwa mafungu kwenye kitana, huyo asiogope na wala asitafute mchawi. Wakati wa mimba nywele nyingi huchelewa kudondoka, kisha hudondoka pamoja baada ya kujifungua. Zitaota tena. Hali hiyo humpata pia mtu aliyeugua homa kali, miezi miwili au mitatu baada ya kupona.

Mtu mzima ambaye nywele zake za kipilipili zimelainika na kunyooka zenyewe bila dawa yoyote, tena anakonda, asifurahie. Aje tuzungumze, na apime damu, pamoja na virusi vya UKIMWI. Siku hizi dawa zipo, hutolewa bure, na anayezimeza vizuri huishi miaka mingi.

VITU VYA KUACHA

Mafuta ya taa yasipakwe kichwani, hata kwa ajili ya chawa. Huunguza ngozi, na jikoni moto hauko mbali. Dawa za kunyunyizia pamba zisiguse kichwa kabisa. Sumu yake hupita katika ngozi. Unga mweusi wa betri kuukuu, ambao nimesikia vijana wakiusifu kwa kuficha mvi za wazee na wekundu wa nywele za watoto, ni uchafu wenye sumu. Tena kumpaka mtoto weusi juu ya nywele nyekundu ni kufuta maandishi ambayo mganga anataka kuyasoma.

Dawa za kunyoosha nywele, nyingi zina kemikali kali, jamii ya ile ya kutengenezea sabuni. Mtu mzima mwenye akili zake achague mwenyewe, lakini mtoto wa shule ya msingi asipakwe. Dawa hizo, pamoja na piko na unga wa kutia nywele weusi, ziwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akinywa ile ya kunyoosha, koo huungua. Akinywa ile ya kutia weusi, koo huvimba hata ashindwe kupumua, na figo huharibika. Akinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kusuka kwa kuvuta sana hung'oa nywele za kwenye paji la uso, na zikivutwa miaka mingi haziotaji tena, maana mizizi hufa. Msichana akilala na maumivu usiku wa kwanza, nywele hizo zimekazwa mno. Zifumuliwe.

Mapunye si uchafu wa nywele wala si suala la kung'aa. Ni ugonjwa wa ukungu, nao huambukiza kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea. Mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi mapunye ya kichwani, kwa sababu ukungu umeingia ndani ya unywele. Vinatakiwa vidonge, tena kwa wiki nyingi. Mzazi asiache mtoto anapoona mabaka yamepungua.

SIKU YA KUPIMA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ambapo watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Wengi wa waliokaa pale leo ni mababu. Kazi haijaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa.

Zahanati na wahudumu wa afya ya jamii wana utepe wa kupimia mkono wa mtoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Utepe huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto. Kijani ni salama. Njano, yaani chini ya sentimeta 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimeta 11.5, ni hatari. Aliyevimba miguu yote miwili yuko hatarini hata kama utepe unaonyesha kijani. Kupima hakuchukui hata dakika mbili, na hakuna malipo.

Naomba jambo moja kwa akina mama, akina bibi na akina baba watakaokuja siku ya kupima mwezi ujao. Najua mnapenda mtoto aje akiwa safi na amependeza, na hilo ni jema. Lakini asubuhi hiyo msimpake mafuta kichwani, na mkifika mlangoni mvueni kofia.